Pamba ndani ya nyumba: namna ya kuchagua kitambaa cha rido, shuka na viti bila kupoteza pesa

Katika nyumba nyingi za kwetu, kitambaa kinaingia mbele ya kabati na mbele ya viti. Mutu anapangisha chumba kimoja na sebule ndogo, hana pesa ya kujenga ukuta wa katikati, anafanya nini? Anafunga kamba, anatundika rido. Upande huu kitanda cha wazazi, upande ule matela ya watoto. Rido nyingine iko ku mulango ili wapita njia wasione chakula mezani. Nyingine tena inafunika rafu ya masahani na sufuria. Kwa hiyo, tunaposema mapambo ya nyumba, hatuzungumzi mambo ya watajiri tu. Kwa familia nyingi kitambaa njo ukuta, njo mulango, njo kabati.

Shida iko hapa: kitambaa kinakula pesa, na mara nyingi tunanunua kwa macho peke yake. Muuzaji anakunjua, anasema: «Mama, guse, hii ni koto kamili!» Mama anaona rangi iko muzuri, analipa, anarudi nyumbani. Kiisha wiki mbili anatambua kama shuka inamutosha jasho usiku muzima, rido imerudi juu sentimita kumi kiisha kufuliwa, ao rangi nyekundu imeingia katika shuka nyeupe za watoto. Pesa imekwenda, na ku soko hawarudishe.

Makala hii inaeleza pamba ni kitu gani, namna ya kuitambua mbele ya kulipa, fasi gani inafaa ndani ya nyumba, namna ya kupima, na namna ya kuitunza. Tutasema pia juu ya moto, kwa sababu rido na mbabula ao mushumaa ni majirani wabaya.

Pamba ni kitu gani?

Pamba ni nywele zinazoota kwenye mbegu ya muti wa pamba. Tunda likikauka linapasuka, na ndani mnaonekana ule weupe laini. Wanatosha mbegu, wanachana zile nywele, wanazisokota kuwa uzi, kiisha wanafuma uzi kuwa kitambaa. Karibu kila kitu kilicho katika ule uzi ni selulozi, ndiyo ile inayofanya pia mwili wa miti na karatasi. Ushike neno hilo karatasi, tutalirudilia tunapofika ku majaribio ya moto.

Selulozi inapenda maji. Katika hewa ya kawaida, uzi wa pamba unabeba maji karibu 8 kwa mia ya uzito wake, na ukiugusa unaona bado ni mukavu. Poliesta, ambayo inatengenezwa kutoka petroli, haifiki hata 1 kwa mia. Tofauti hii njo inaeleza karibu mambo yote. Ukilalia shuka ya pamba, jasho linaingia ndani ya kitambaa na ngozi inabaki kavu. Ukilalia poliesta, jasho linabaki kati yako na kitambaa. Kule Uvira, kandokando ya ziwa Tanganyika, mutu anaisikia usiku wa kwanza. Hata Bukavu, ambako kuko baridi kidogo juu ya mita 1.500, mutoto mwenye homa anaisikia.

Lakini kupenda maji kuna upande mubaya pia. Pamba inachelewa kukauka, inakunjamana haraka, inarudi nyuma ikifuliwa mara ya kwanza, na katika nyumba yenye unyevu inashika ukungu. Poliesta inakauka mbio, haikunjamane, rangi yake inakawia. Hatusemi basi kama pamba ni nzuri kila fasi. Tunasema: ujue unachonunua na fasi utakayokiweka.

Pamba na sisi: habari ya zamani kidogo

Vitambaa vya pamba vilifika huku mbele ya Wabelgiji. Katika karne ya 19, wafanyabiashara waliotoka pwani wakapita Ujiji na kuvuka ziwa mpaka Maniema, walikuwa wanabeba mizigo ya pamba nyeupe isiyotiwa rangi. Waliiita merikani, kwa kuwa ilifumwa kule Marekani. Ilikuwa kama pesa: ilipimwa kwa shuka, maana yake yadi 2, na kwa doti, maana yake yadi 4. Ndiyo, neno letu shuka lilikuwa kipimo cha kitambaa mbele ya kuwa nguo ya kitanda.

Kiisha ikaja pamba ya lazima. Tangu mwaka 1917, serikali ya koloni iliwalazimisha wanakijiji kulima pamba na kuiuzisha kwa kampuni, kwa bei ambayo mulimaji hakuipanga. Mwaka 1920 ikaundwa Cotonco, kampuni kubwa ya pamba. Uele, Maniema, Kasai, Tanganyika, hata bonde la Ruzizi, watu walilima. Mwenye kukataa alikutana na fimbo ao gereza. Njo maana wazee wengine, ukitaja pamba, hawakumbuke kitambaa: wanakumbuka kazi ya nguvu.

Viwanda vilikuja pia. Kalemie ilikuwa na Filtisaf, Kinshasa ilikuwa na Utexléo, na kiisha uhuru Kisangani ikapata Sotexki. Filtisaf ilifungwa, na leo vitambaa vingi tunavyokuta ku soko vinatoka mbali, zaidi Asia. Hata kikwembe tunachosema ni chetu kina safari ndefu: Waholanzi waliiga namna watu wa Java walivyotia rangi kwa nta, na kampuni Vlisco ya muji wa Helmond ilianza kazi mwaka 1846. Sisi tulikipa majina, tukakipa maana, na siku hizi tunakitundika ku dirisha.

Namna ya kuitambua mbele ya kulipa

Usitegemee neno la muuzaji peke yake. Saa zingine yeye mwenyewe hajui, alinunua balo kama ilivyo. Kuna majaribio matano, na mane unaweza kuyafanya palepale ku soko.

La kwanza, kukunja. Ukamate kona ya kitambaa, uifinye ndani ya ngumi na kuhesabu mpaka 10, kiisha ufungue. Pamba inabaki na makunyanzi. Poliesta inarudia hali yake kama vile hakuna kitu kilifanyika.

La pili, tone la maji. Ulowanishe kidole na kuangusha tone moja juu ya kitambaa. Ju ya pamba iliyofuliwa, tone linaingia mbio na kusambaa. Ju ya poliesta, linakaa kama shanga. Angalia muzuri: kitambaa kipya cha pamba kinaweza kuwa na wanga ao dawa ya kukifanya kingʼae, na hiyo inazuia maji. Kwa hiyo hili jaribio peke yake halitoshi.

La tatu, upande wa nyuma. Kikwembe cha wax ya kweli kina rangi karibu sawasawa pande mbili, sababu kilitiwa rangi pande zote. Kama upande wa nyuma ni mweupe, picha ilipigwa upande mumoja tu. Inaweza kuwa pamba, lakini si wax. Kwa rido hii ni jambo kubwa: mutu aliye inje anaona nyuma ya rido yako.

La ine, ku mitumba usome kile kikaratasi kilichoshonwa ku pindo. Shuka za mitumba zinazotoka Ulaya zina maandiko. «100 % coton» ni pamba tupu. Kama wameandika coton 50 na polyester 50, ni muchanganyiko. Shuka nzito ya pamba tupu ya mitumba, hata kama imetumika miaka, mara nyingi inashinda mupya ya bei rahisi, na tena imemaliza kurudi nyuma.

La tano ni la moto, na hilo ulifanye nyumbani, inje, mbali na watoto. Uombe muuzaji akupe nyuzi mbili tatu za pindo. Uzifunge pamoja, uzikamate kwa pini ao koleo ndogo juu ya sahani yenye maji, na kuzichoma. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka kama karatasi, na majivu yake ni laini, ukiyagusa yanakuwa unga. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inatosha moshi mweusi, na inaacha kashanga kagumu. Ukiona vyote viwili, majivu na kashanga, ni muchanganyiko.

Kila fasi na kitambaa chake

Kitanda njo fasi ya kwanza ya kuweka pamba tupu. Mutu anapitisha pale karibu sehemu moja ya tatu ya maisha yake, ngozi juu ya kitambaa. Kama pesa haitoshe kwa nyumba nzima, anza na shuka na foronya za watoto.

Dirisha linataka mawazo mawili. Kama jua la mangaribi linaingia moja kwa moja, rido ya rangi nyeupe ao nyepesi inarudisha mwangaza na joto inje, na rido nyeusi inavuta joto ndani. Lakini jua linakula rangi za pamba. Kikwembe chenye rangi kali kikikaa mbele ya jua muda murefu kinapauka. Dawa yake ni kushona kitambaa kingine cheupe, cha bei ndogo, upande wa dirisha. Hicho kinakula jua, na kikwembe kinabaki salama. Tena rido inaanguka muzuri zaidi, sababu imepata uzito.

Viti vya salo vinapiganishwa kila siku: watoto, wageni, mikono yenye mafuta. Kikwembe chepesi hakitoshe pale, kitapasuka ku mishono. Utafute pamba nzito kama ile ya jini ao ya kushonea suruali za kazi. Na usikigundishe ku kiti. Mushonaji akifanyie nguo ya kiti inayovaliwa na kuvuliwa, ili ifuliwe. Kikwembe ukitumie ku mito midogo: kipande kidogo, rangi nyingi, na sebule inabadilika bila kununua kiti kingine.

Ukuta wenye unyevu, wa udongo ao wa ciment isiyokauka, usiuvalishe pamba moja kwa moja. Kitambaa kitavuta maji na kuota ukungu mweusi nyuma, na wenye asma watateswa. Uache nafasi ya vidole vinne kati ya kitambaa na ukuta ili hewa ipite.

Kipimo: kikwembe kimoja kinafanya nini?

Kikwembe kizima ni yadi 6, maana yake karibu mita 5 na nusu, na upana wake uko karibu mita 1,15 mpaka 1,20. Kazi ya kwanza kabisa, mbele ya kukata hata kidogo, ni kukifua na kukikausha. Pamba mupya inaweza kurudi nyuma 5 kwa mia. Katika mita 5 na nusu, hiyo ni karibu sentimita 27. Ukikata kwanza na kufua nyuma, ni rido yako iliyomalizika njo itakuwa fupi. Ukifua kwanza, unabaki na karibu mita 5,20 na hutashangaa tena.

Tuchukue dirisha la kawaida: upana mita 1,20, na rido ishuke mita 1,60. Rido isikazwe kama ngoma. Iwe na upana wa mara moja na nusu mpaka mara mbili ya dirisha, ili ikunjamane vizuri. Vipande viwili vya upana muzima vinakupa karibu mita 2,25, basi inatosha. Urefu wa kila kipande: mita 1,60, uongeze sentimita 20 za pindo la juu na la chini, jumla mita 1,80. Vipande viwili ni mita 3,60. Utoshe katika 5,20: inabaki mita 1,60.

Hiyo mita 1,60 usiiache kwa mushonaji! Muto wa sentimita 45 kwa 45 unaomba kamba ya kitambaa yenye sentimita 48, iliyokatwa kwa upana wote. Inakunjwa, ncha mbili zinapandana nyuma kama bahasha, hakuna lazima ya zipu. Kamba tatu ni mita 1,44. Kwa hiyo kikwembe kimoja kimevalisha dirisha na mito mitatu, na kimebaki kipande cha kufunga rido muchana. Jambo moja tu: kama kikwembe kina picha za ndege ao maandiko, uangalie zinaelekea wapi mbele ya kukata, usije ukatundika ndege wenye kichwa chini.

Na shuka? Kwa matela ya mita 1,40 kwa 1,90, yenye unene wa sentimita 15, ukate vipande viwili vya mita 2,60 na kuviunganisha. Kikwembe kizima kinaisha kwa shuka moja. Mushono wa katikati unaweza kusumbua mugongo: kama munalala wawili, utaanguka kati yenu, kama unalala peke yako, umwombe fundi apasue kipande kimoja na kukishona pande zote mbili, ili mishono iende ku kando.

Moto: tusidanganyane

Kuna watu wanasema «pamba haishike moto, ni nilo tu njo hatari». Si kweli. Pamba inawaka, na inawaka haraka, zaidi kama ni nyepesi na imetundikwa: moto unapanda kutoka chini kwenda juu kama ngazi. Tena hata muale ukizimika, pamba inaweza kubaki inaungua polepole ndani, kama kaa chini ya majivu, na kuwaka upya. Tofauti na poliesta ni kwamba hii inayeyuka, na ile matone ya moto inashika ku ngozi na kuchoma chini sana. Yote mawili ni hatari, kila moja kwa namna yake.

Katika mitaa ya nyumba za mbao zilizobanana, kama vile tunavyoona Bukavu na Goma, rido moja inaweza kuondoa nyumba ya jirani pia. Basi tushike haya:

Mbabula, rishoo na mushumaa vikae mbali ya rido, angalau mita moja, na tena visikae upande ambako upepo unasukuma rido.

Rido inayogawa chumba isifike mpaka chini kabisa karibu na fasi ya kupikia. Ipandishe, ao uifunge kwa kamba saa ya kupika.

Usiwashe mushumaa upande wa kitanda cha watoto nyuma ya rido, sababu hautaona kama kitu kimeanza kuwaka.

Kama umetundika kitambaa chini ya manjanja kama plafo, waya za umeme zisilale juu yake.

Kama rido imewaka, uiangushe chini na kuimwangia maji mengi, halafu uiondoe inje hata kama unaona imezima.

Kufua na kutunza

Pamba ina kipawa kimoja ambacho wamama wanakijua bila kusoma: ikiwa na maji inakuwa na nguvu kuliko ikiwa kavu. Njo maana inavumilia kusuguliwa, hata kuchemshwa. Shuka nyeupe ya mutu aliyekuwa mugonjwa unaweza kuichemsha na sabuni. Lakini yavele ikizidi inakula nyuzi. Shuka inakuwa nyeupe kabisa, halafu inapasuka kwa kidole. Uipime kidogo, uichanganye na maji mbele ya kutia kitambaa, kiisha usuuze vizuri. Na usiichanganye hata siku moja na dawa nyingine za kusafisha choo.

Kikwembe kipya ukifue peke yake mara mbili tatu za kwanza, na maji baridi. Usugue kipande cheupe kilicholowana juu yake: kama kinatoka na rangi, kikwembe bado kinatoa, kisifuliwe pamoja na vingine. Ukikaushe upande wa nyuma ukiangalia jua, kiisha ukipige pasi kikiwa na unyevu kidogo. Kama unatumia pasi ya makala, uiangalie chini kwanza na kuijaribu juu ya kitambaa cha zamani.

Wakati wa mvua, usikunje pamba kabla haijakauka sawasawa. Ukungu ukisha kuingia unaacha madoa meusi, na hayo ni magumu kutoka. Afazali shuka ikae siku mbili ku kamba ndani ya nyumba kuliko siku moja katika sanduku ikiwa na unyevu.

Siku utakaporudi ku soko, ubebe kamba yenye kipimo cha dirisha lako, na uingie na majaribio mane ndani ya kichwa. Ukunje, utie tone, ugeuze nyuma, usome pindo. Inakula dakika mbili, na muuzaji mwema hatakasirika. Mwenye kukukataza kugusa kitambaa chake, umuache nacho.